Saa mbili ipi, uwanja wa ndege upi? Mwongozo kamili wa kuondoa utata kwenye mazungumzo ya kila siku

Mteja akikupigia simu na kusema "njoo unichukue uwanja wa ndege kesho saa mbili", usiwashe gari bado. Ukiwa Arusha mjini, viwanja ni viwili na viko pande mbili tofauti: wa Kisongo unaufuata kwa njia ya Makuyuni, na KIA, ule wa Kilimanjaro, unaufuata kwa njia ya Moshi mpaka uingie wilaya ya Hai. Saa mbili nayo inaweza kuwa ya asubuhi au ya usiku. Au mteja anasoma tiketi iliyoandikwa 2:00, kwa hiyo anamaanisha saa nane, ambayo pia ina ya mchana na ya usiku. Ukipiga hesabu, sentensi hiyo fupi imekupa safari nane za kuchagua, na mafuta ni ya kwako.

Kazi yangu ni kupangia wageni magari, kwa hiyo mambo haya nakutana nayo kila siku. Lakini mwongozo huu nimeuandikia yeyote anayefanya mambo yake kwa mdomo na kwa simu: fundi, mama wa sokoni, dalali, mweka hazina wa kamati ya harusi, na ndugu wanaokaa kugawana kihamba, yaani shamba la ukoo. Sitaki uanze kuongea kama karani wa mahakama. Kuna maneno ya kubana na kuna maneno ya kuachia, na sehemu kubwa ya kazi ni kujua lipi ni lipi.

Hatua ya 1: Jua tatizo ni la aina gani

Kuna maneno yenye maana mbili au zaidi, na kila maana iko wazi yenyewe. Hiyo ndiyo sentensi tata tuliyofundishwa sekondari. "Nimepanga nyumba" inaweza kumaanisha nalipa kodi kwa mwenye nyumba, au nimepanga viti na makochi vizuri. Anayesema "Nimepanda miti" ameshika jembe au yuko juu ya tawi.

Halafu kuna maneno yenye maana moja tu, ila mpaka wake haujulikani: jioni, mbali, kidogo, kubwa, baadaye, hivi karibuni. Hapa hakuna maana ya pili iliyojificha. Kinachokosekana ni mahali neno linapoishia. Eubulide wa Mileto, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alijulikana kwa kuwasumbua wenzake na swali la lundo: ukitoa punje moja moja, ni punje ipi ikitoka lundo linakoma kuwa lundo? Angepita soko la Kilombero angemuuliza mama wa nyanya swali hilo hilo kuhusu fungu, na mama angemjibu kwa kuongeza nyanya moja na kumwambia achukue asogee.

Ninazitenganisha aina hizi kwa sababu swali la kuuliza ni tofauti. Kwenye utata unauliza "ipi?" Kwenye mpaka uliofifia unauliza "mwisho wapi?" au "kiasi gani?" Watu wengi hukosea hapo. Mtu amesema atakuja jioni, unamuuliza "jioni ipi?", anakujibu "ya leo", na hujapata kitu. Muulize: "Mwisho saa ngapi nisikusubiri tena?"

Hatua ya 2: Anza na saa na siku

Ukibana kitu kimoja tu kwenye maisha yako, bana muda. Saa yetu ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta jua halihamihami sana, hesabu hiyo inakaa vizuri mwaka mzima. Simu, tiketi na barua pepe za wageni huhesabu tangu katikati ya usiku. Tofauti ni saa 6 kila siku, na hilo kila mtu analijua. Tatizo ni kwamba mwandishi wa meseji hasemi anatumia ipi. Dereva akisoma "8:00" anaweza kuamka mapema bure, au mgeni akasimama kwenye lango la hoteli toka asubuhi mpaka mchana akisubiri gari.

Dawa yake ni rahisi: andika zote mbili. "Saa 2 asubuhi (08:00)." Usiandike 8:00 peke yake, hata kwa Mtanzania mwenzako, na usiseme saa mbili bila kutaja asubuhi au usiku. Na kwa simu, mwambie mwenzako akusomee kilichoandikwa kwenye tiketi herufi kwa herufi, asikutafsirie.

Usiku una mtego wake. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, tiketi za saa 6 na saa 7 usiku zimekuwa za kawaida. Tiketi ikisema Jumamosi saa 7 usiku, kwa kalenda inayoanza siku katikati ya usiku, ni saa moja tu baada ya Ijumaa kuisha. Abiria anayeisikia kwa sikio la kawaida atashinda nyumbani Jumamosi nzima akifunga mabegi, afike stendi usiku akute basi lake lilishaondoka jana yake. Kiswahili kina maneno yaliyotengenezwa kwa ajili ya jambo hili: "usiku wa kuamkia Jumamosi". Yatumie. Hayana maana ya pili.

"Jumamosi ijayo" ikitamkwa siku ya Alhamisi huwagawa watu: wapo wanaosikia keshokutwa, wapo wanaosikia wiki inayofuata. Taja tarehe, yaishe.

Halafu kuna "nakuja" ya mtu anayeondoka, ambayo kwa kweli ni "nitarudi", na kuna "niko njiani", ambayo huweza kusemwa na mtu aliyeko bafuni. Usimuulize "umefika wapi?" kwa sababu jibu ni "nimekaribia". Muulize kituo: "Umeshavuka Usa River?" Mtu anayetoka Moshi kuja Arusha lazima apite Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Usa River na Tengeru. Taja kimoja, naye lazima ajibu nimevuka au bado. Kudanganya kunawezekana bado, lakini sasa atakuwa anadanganya waziwazi, na wengi hawapendi kufika huko.

Hatua ya 3: Hela na vipimo

"Milioni moja na mia mbili" ni 1,200,000 kwa karibu kila dalali utakayemkuta, ingawa ukisikiliza maneno yenyewe ni 1,000,200. "Elfu ishirini na tano" inategemea umepumua wapi. Kwenye mazungumzo ya magari na viwanja watu hukata mikia kabisa: "mpe mbili na nusu" inaweza kuwa laki au milioni, na muuzaji na mnunuzi wakiwa na matumaini tofauti kila mmoja atasikia anayoipenda. Hapa sina busara kubwa ya kukupa. Andika tarakimu kamili, ukiwa umekaa naye hapo hapo, umwonyeshe.

Hela ya simu imeleta utata wake. "Nitumie elfu hamsini" ni hamsini ifike, au hamsini itoke mkononi? Ndiyo maana watu wamezoea kuongeza "na ya kutolea". Anayesema "hamsini kamili" bado hajasema ya kutolea iko ndani au nje, kwa hiyo muulize. Na ukiwa wewe ndiye unayeomba, sema mwenyewe. Kumwacha anayekusaidia akisie si ustaarabu.

Kwa vitu vinavyogawanywa, lugha yetu ina kifaa kizuri sana: kurudia neno. "Wape wageni soda mbili" na "wape wageni soda mbili mbili" ni bili mbili tofauti kwenye sherehe ya watu mia. "Nipe ndizi za mia tano" ni jumla. "Za mia tano mia tano" ni bei ya kila moja. Ukimtuma kijana dukani, mwambie kwa kurudia na umwombe naye arudie.

Sokoni vipimo hufifia kwa makusudi. Sado ya maharage iliyosawazishwa mdomoni na ile iliyorundikwa juu hazina uzito mmoja, ingawa ndoo ni ile ile. Lumbesa ni gunia lililoongezewa kichwa, na serikali iliipiga marufuku kwa sababu mkulima alikuwa akilipwa gunia moja huku akitoa zaidi. Kwa hiyo unaponunua kwa debe, sado au gunia, bei ya kwanza kuulizia ni ya kilo.

Ardhi ndiyo inayoumiza. Mtu anauza kiwanja cha "hatua ishirini kwa ishirini". Hatua za nani? Dalali mrefu akipima kwa niaba ya mnunuzi na babu akipima kwa niaba yake mwenyewe, mpaka hautakaa mahali pamoja. Ekari nayo watu wengi huitaja kama mita 70 kwa 70, ambayo ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ya vitabuni ni kama mita za mraba 4,047. Tofauti hiyo ni zaidi ya kiwanja cha mita 20 kwa 40. Ukisikia "ekari", uliza mita, na utepe uvutwe mbele ya majirani wa pande zote.

Hatua ya 4: Nani, na wapi

Mahali napita haraka. Kaloleni ipo Arusha na ipo Moshi. Soweto vivyo hivyo. Mnara wa saa uko miji yote miwili. "Kwa Mrombo" ni mtaa wa Arusha, lakini pia inaweza kuwa kwa jirani yako yeyote aliyetoka Rombo. Na "tukutane kwa Mangi" haimsaidii mtu yeyote, maana ni mtaa gani hauna duka la Mangi? Taja mji, kisha alama ambayo iko moja tu, kisha upande wa barabara. Na kumbuka kwamba huku kwetu "juu" ni upande wa mlima, jambo ambalo mgeni wa Dar hawezi kulijua.

Watu ndio kazi. "Ndugu yangu" anaweza kuwa wa tumbo moja, wa ukoo, au mtu tuliyesali naye. "Yeye" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Na "-ake" ndiyo yenye hatari kubwa. Chukua kikao cha Desemba, ukoo mzima umerudi Moshi kwa Krismasi, na shangazi anatoa taarifa: "Kaka alimwambia baba kwamba shamba lake la chini apewe mtoto wake." Shamba la nani, la kaka au la baba? Mtoto wa nani? Ikiwa ni mtoto wa baba, basi yule kaka mwenyewe ni mmoja wa wanaohusika. Na "la chini" ni kipande cha chini cha kihamba, kule karibu na mfereji, au ni shamba la tambarare? Watu kumi wanaitikia kwa kichwa, kila mmoja na ramani yake.

Kanuni ya vikao ni moja: jina lirudiwe kila mara, hata kama linachosha masikio. "Shamba la baba lililoko tambarare apewe mtoto wa kaka, yule wa kwanza." Anayeandika muhtasari asiandike "wake" hata mara moja.

Hatua ya 5: Achana na "ndiyo" tupu

"Hujatuma hela?" "Ndiyo." Imetumwa au haijatumwa? Kwa Kiswahili cha asili, ndiyo hiyo inakubaliana na swali: ndiyo, sijatuma. Lakini wapo wengi siku hizi, hasa waliosomea Kiingereza sana, wanaomaanisha nimetuma. Kwa hiyo usiulize kwa kukanusha, na usijibu kwa ndiyo wala hapana. Kitenzi chetu kimebeba kila kitu ndani yake, kitumie: "Nimetuma." "Sijatuma." Ni neno moja vilevile.

Kwenye meseji kuna balaa jingine. Swali la Kiswahili na taarifa ya Kiswahili vina mpangilio ule ule wa maneno. Kinachovitofautisha ni sauti. Sasa mtu wa Arusha anamwandikia mwenzake wa Moshi: "Mzigo umefika". Anauliza kama umefika stendi ya Moshi upakiwe. Wa Moshi anasoma kama taarifa, anadhani mzigo umeshapokelewa Arusha, anafunga duka na kwenda zake nyumbani. Mzigo uko stendi Moshi, haujapakiwa, na wote wawili wamelala kwa amani. Weka alama ya kuuliza, au anza na "Je".

Hatua ya 6: Bana bila kuvunja heshima

Hapa ndipo miongozo mingi inapoharibu, kwa kudhani kuuliza wazi kunatosha. Kwetu ukimbana mtu hadharani, hasa aliyekuzidi umri, umemwambia humwamini. Sikiliza mteja huyu kwa fundi cherehani, Ngarenaro:

"Habari za kazi, fundi?"

"Salama, dada. Karibu."

"Gauni langu limefikia wapi?"

"Lipo, dada. Wala usijali, tunamalizia."

"Kitambaa umeshakikata?"

Fundi anaangalia rafu. "Nakata leo hii."

"Haya, nashukuru kwa kuniambia. Sherehe ni Jumamosi. Nipite Alhamisi jioni kulijaribu, au Ijumaa asubuhi ndiyo itakufaa?"

"Ijumaa, dada. Saa 4."

"Basi Ijumaa saa 4 asubuhi nakuja kulijaribu, na ile nusu ya hela nakuja nayo."

"Tunamalizia" ingeweza kuwa vifungo tu vimebaki, au kitambaa bado kiko kwenye mfuko. Dada hakumbishia. Aliuliza jambo lililokwisha kufanyika, kwa sababu ahadi ya kesho huvutika lakini kitambaa kimekatwa au hakijakatwa. Aliposikia ukweli hakupiga kelele. Alishukuru, na fundi akaona kusema kweli hakumgharimu. Kisha akampa nafasi mbili achague, zote zikiwa na siku. Ungemuuliza "lini itakuwa tayari?" ungepewa siku ya kukufurahisha. Mwisho akairudia ahadi kwa maneno yake, akaifunga na hela. Na angalia kwamba alipanga kulijaribu Ijumaa, kabla ya siku ya kulihitaji, ili likibana kiunoni kuwe na muda wa kulilegeza.

Kwa mzee, beba lawama wewe: "Shikamoo mzee. Naomba nirudie nione kama nimeshika vizuri, kichwa changu kizito leo." Kisha rudia kwa majina na tarehe. Ukikosea atakurekebisha kwa furaha, na kumrekebisha kijana hakumshushi mtu. Kwa bosi ni hivyo hivyo, ukiondoa shikamoo pale isipostahili.

Hatua ya 7: Jua pa kuachia

Ukungu mwingine umewekwa kwa hisani. "Tutaona", "nitajaribu", "Mungu akipenda", "nitakucheki": mara nyingi ni hapana iliyovishwa nguo. Unaitambuaje? Tazama kama mtu ameongeza jambo ambalo hukumuuliza. "Nitakuja, ila nitatokea Himo kwa hiyo nitachelewa misa" ni mtu anayekuja. "Nitakuja tu, usijali" ni mtu wa kutompangia sahani. Mchango wa harusi nao hupimika hivyo: anayetaja kiasi na tarehe ameahidi, anayesema "tuko pamoja" amekutakia mema.

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1967, alieleza kwamba wasikilizaji hupata maana hata kwenye kile ambacho msemaji angeweza kukisema akaacha. Majirani zetu hawajamsoma na wanaifanya kazi hiyo vizuri. Unamuuliza mama fulani kuhusu dada wa kazi aliyekaa naye mwaka mzima: "Alikuwaje kikazi?" Anakujibu: "Binti yule anasali sana." Umejibiwa. Usimbane aseme zaidi. Amelinda riziki ya binti na amekulinda wewe pia.

Kwenye msiba, ugonjwa na mambo ya ndani ya ndoa, acha maneno yafifie. "Tunaendelea hivyo hivyo" haitaki swali la pili. Peleka unga.

Hapana hiyo ya hisani ina mpaka, lakini. Ikiwa jibu la mtu litakugharimu hela au siku, mpe mlango wa kukataa kwa starehe: "Kama haitawezekana niambie tu, sitachukia, nitafute mwingine leo." Wengi watapita mlango huo mara moja.

Hatua ya 8: Andika mliyokubaliana

Mkataba wa mdomo unatambulika kisheria Tanzania, ila Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayafanya kuwa batili makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kufanywa ijulikane. Kwa lugha ya mtaani: mkisema "utanilipa vizuri" na kuishia hapo, usitegemee hakimu akukadirie "vizuri". Mambo ya ardhi usiyaache mdomoni kabisa. Mengine, meseji moja ya simu inatosha, ikitumwa siku ile ile mkiwa bado mnakumbuka:

"Kaka, kama tulivyoongea: Noah, Jumatano tarehe 14, saa 11 alfajiri (05:00). Kutoka Kaloleni ya Arusha kwenda KIA, watu wanne na mabegi manne. Nauli 80,000/= mafuta yakiwa ndani. Nimelipa 30,000/=, inabaki 50,000/= nalipa tukifika. Nijibu utafika getini saa ngapi."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Ungeandika "nijibu kama sawa" angejibu sawa, na "sawa" ya kwetu inaweza kuwa nimekubali, nimesikia, au niache nilale. Ukimtaka ataje jambo moja yeye mwenyewe, ni lazima asome meseji yote. Akikujibu "saa 10 na nusu nitakuwa getini", lala. Akikujibu kwa dole gumba tu, mpigie.